Imefika Maabara

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepeleka mafuta yangu maabara. Hatua kubwa! Chupa moja, lebo safi, shati limepigwa pasi. Mke wangu aliuliza shati la nini, wanapima mafuta, hawapimi mtu. Yeye yuko kaunta ya posta tangu kabla hatujaoana, anagonga mihuri tu, hajui maana ya kujiajiri.

Niandike kwa mpangilio, maana iko siku watu watataka kujua nilianzaje. Duka la magodoro nilikokuwa nauza lilipofungwa, wenzangu walikaa nyumbani kulalamika. Mimi nikatafuta kitu. Maganda ya machungwa napewa bure na muuza juisi wa pale kona. Majani ya mkaratusi nachuma nyuma ya ukuta wa shule, hayana mwenyewe. Vyote viwili vinaingia kwenye sufuria ya presha ya mke wangu. Mvuke unapita kwenye bomba la shaba nililopewa na fundi friji, bomba linazama kwenye ndoo ya maji baridi, na upande wa pili yanadondoka maji yenye mafuta juu. Mafuta nayanyonya kwa bomba la sindano na kuyatia kwenye vichupa vya plastiki vyenye kidomo cha kudondoshea. Basi. Matone ya Uzima. Tone ulimini, afya mwilini! Kaulimbiu hiyo nimeitunga mwenyewe nikiwa naoga.

Mwenye duka la dawa ameniahidi nafasi kwenye rafu yake ya virutubisho, usawa wa macho kabisa, karibu na vidonge vya vitamini. Sharti ni moja: karatasi inayosema mafuta ni salama kunywa. Anaitaka kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo.

Mkemia wa maabara ni mwanamke mwembamba. Miwani yake haikai machoni, inakaa juu ya paji la uso. Alifungua chupa, akanusa, akakohoa kidogo. Akauliza watu wanajipaka au wanavuta harufu tu. Nikasema wanakunywa. Miwani ikashuka.

Akaanza kunieleza kama mtoto wa shule. Mafuta ya namna hii ni mzigo mzima wa majani uliofinywa ukaingia kwenye kichupa, kwa hiyo kinachofurahisha pua kinaweza kuumiza tumbo. Lazima wajue ndani mna nini na nini, dozi ni kiasi gani, yanagombana na dawa zipi, na ini linasemaje mtu akiyanywa kila siku. Hata chupa wanaipima. Nikamwambia haya ni ya asili, hayana kemikali hata moja. Akasema nyoka naye ni wa asili. Dharau! Kazi yote itachukua wiki kadhaa. Nilipomwambia mimi nina Alhamisi, akajibu kuwa ini halina habari na Alhamisi yangu.

Jioni nimechapisha lebo mpya. Chini ya jina nimeongeza: IMEFIKA MAABARA. Mke wangu aliuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni hiyo hiyo. Kwani haijafika?

Jumatano, 5 Machi

Mama Tangawizi amenianza asubuhi na mapema. Huyu ni jirani yangu wa biashara. Kibanda chake kinatazamana na changu kwenye korido ya chini ya jengo, anauza tangawizi ya chupa. Ana cheti. Amekitia kwenye fremu ya kioo na kila asubuhi anakifuta taratibu kwa kitambaa, huku macho yake yako kwangu. Leo ameuliza kwa sauti: jirani, Profesa wa Maganda, cheti chetu kinakuja lini? Fundi simu wa kibanda cha tatu alicheka mpaka akaangusha skrubu. Watu wa korido walimsaidia kuitafuta, wote wakiwa bado wanacheka.

Nikasema kinakuja.

Mchana, nikiwa nakula, wazo likanijia. Nimeweka kijiko chini kabisa!

Mama mkwe anakaa kwetu tangu macho yake yaingie ukungu. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikuwa fundi cherehani wa kuaminika, na cherehani yake bado iko dirishani. Mshono ulionyooka anaupitisha kwa kupapasa kidole. Kinachomshinda ni tundu la sindano. Kila asubuhi ananiita: baba, njoo unitungie uzi. Natunga. Halafu ananishukuru kama nimemjengea nyumba.

Amesubiri zamu ya upasuaji muda mrefu sana, na sasa imefika: Ijumaa ya wiki ijayo. Hazungumzi kitu kingine. Anasema siku akitunga uzi mwenyewe, hata Mungu akimwita atajibu yuko tayari. Na kabla ya upasuaji, hospitali itampima damu.

Damu! Kipimo cha hospitali, chenye muhuri, cha mtu ambaye angeweza kuwa anakunywa Matone ya Uzima. Damu ikiwa safi, nani atabisha? Mkemia anahitaji wiki kadhaa na mashine. Mimi nina mama mkwe.

Alhamisi, 6 Machi

Utafiti umeanza.

Baada ya kumtungia uzi nilimwambia Mama kwamba nina kitu cha kumpa nguvu kabla ya upasuaji. Sikumdanganya, mimi mwenyewe naamini hivyo. Akauliza kama nami natumia. Nikasema kila siku. Kwa hiyo imenibidi nianze leo. Moto! Nimecheua machungwa mpaka saa sita, na kwenye kibanda wateja walikuwa wanarudi nyuma hatua moja nikiongea.

Mama aliishika chupa, akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akasema haoni kitu, nimsomee. Nikamsomea: Matone ya Uzima, tone ulimini, afya mwilini, imefika maabara, ikafaulu. Hilo la mwisho niliongeza kidogo, sentensi ilikuwa imebaki inaning'inia. Akasema kama imefaulu maabara, yeye ni nani wa kukataa. Akanyoosha ulimi kama mtoto.

Matone matano asubuhi, mchana na jioni. Ana vidonge vyake vya presha pia. Mkemia aligusia mambo ya kugombana na dawa, lakini vidonge vyenyewe ni vidogo sana.

Mke wangu hajui. Sijamficha. Hajauliza.

Ijumaa, 7 Machi

Maendeleo ya Mama, nayaandika kitaalamu. Anasema tumbo lina joto: mwili unaamka. Hakumaliza chakula cha mchana: anapungua uzito, na watu siku hizi wanalipia hilo. Kizunguzungu kidogo akisimama: damu inatembea. Sioni tatizo.

Kesho nafanya onyesho kwenye korido. Watu waonje, Mama akae kwenye kiti mbele yao kama shahidi, na mwenye duka la dawa amekubali kupita. Mke wangu alikataa glasi zake kutoka nyumbani. Nikanunua vikombe vya kutupa, vile vyeupe vyepesi kama povu. Vinapendeza. Meza sikuwa nayo, na bila kuombwa Mama Tangawizi akajitolea kuniazima yake, mpya, imepigwa vanishi juzi tu. Nilimtilia shaka, lakini meza ni meza.

Karani wa maabara alipiga simu, amekasirika. Chupa yangu imevuja kwenye droo. Anasema mpira wa ndani ya kifuniko umelegea kama ubani uliotafunwa, na ofisi nzima inanuka machungwa, mkuu wao anakunywa chai yake nje. Mkemia anataka kuniona kuhusu chupa. Nikamwambia nina shughuli, nitafika Jumatatu. Watu wa serikali wakivujisha wenyewe wanatafuta wa kumlaumu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilipanga vikombe safu mbili, kila kimoja nikakitia mafuta matupu kidogo. Maji nilitaka kuongeza mwishoni, maana hotuba nayo ilikuwa na sehemu tatu. Hapo ndipo nilipojikwaa. Ningesema sehemu moja tu, mambo yangekuwa mengine.

Watu walikuwa wengi. Mama alikaa mbele na gauni lake la kijani alilolishona zamani, miwani myeusi, mikono magotini. Mwenye duka la dawa alisimama nyuma amekunja mikono. Nilikuwa kwenye sehemu ya pili, naeleza jinsi mababu walivyoishi miaka mingi bila maabara, fundi simu akasema Profesa, kikombe kinavuja. Nikamwambia asinikatishe. Akasema na hicho kingine. Nikatazama. Vikombe vilikuwa vinakaa chini kimoja kimoja, kama watu waliochoka kusimama. Nilikishika cha karibu nikainua. Kikombe kilikuja. Kitako kilibaki mezani.

Kicheko hicho! Watu walishikana mabega. Mafuta yakatambaa juu ya meza, na vanishi ikaanza kunyanyuka mikunjomikunjo. Mama Tangawizi hakucheka. Aliingia kibandani kwake, akatoka na chupa ya tangawizi, akachukua kikombe kizima kutoka kwenye mfuko wangu wa vikombe, akamimina, akakiweka ukingoni mwa meza. Kikombe kikasimama. Tukabaki tunakitazama wote, na mimi nikiwemo. Mwenye duka la dawa akaondoka bila kuaga.

Mama alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anauliza wanacheka nini. Mke wangu alikuwa amefika muda huo huo kutoka posta. Akamwambia mafuta ya mkwe wako yametoboa vikombe. Mama akaacha kugeuka. Akaweka mkono tumboni. Akaniuliza taratibu: ndiyo yale yale, baba?

Mke wangu akauliza yale yale yapi.

Nikaeleza kwamba kikombe ni povu na tumbo la mtu ni nyama, ni vitu viwili tofauti. Ni kweli tupu, lakini hakuna aliyekuwa na haja nayo. Mke wangu akamshika mama yake mkono wakaenda zao. Mimi nikabaki nakwangua meza ya watu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameongea mara moja tu. Amesema nimempaka mama yake mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha nikamnywesha. Halafu akakusanya vichupa vyangu vyote akavifungia kabatini, na ufunguo akautia mfukoni. Sufuria ya presha pia imeingia humo.

Kimoja kimebaki kwenye koti langu.

Mama hajaniita asubuhi kutunga uzi. Nilipita mlangoni mwake mara kadhaa, nikakohoa kama mtu aliye karibu. Alikuwa amekaa tu mbele ya cherehani, mikono juu ya kitambaa. Moyo uliniuma, nisiseme uongo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kupima damu. Mke wangu aliomba ruhusa kazini ampeleke mama yake. Sikualikwa. Nilipanda gari lile lile, nikakaa nyuma.

Kwenye dirisha la maabara ya hospitali nilisubiri mke wangu amsindikize Mama chooni, kisha nikamwinamia muuguzi. Nikamwomba kwa heshima zote waongeze na kipimo cha ini. Akasema mgonjwa wa macho huwa hapimwi ini. Nikasema huyu ni mtu mzima, familia ina wasiwasi, mama mkwe ni mmoja tu. Akaandika. Roho yangu ikatulia. Ini likitoka safi, kabati litafunguliwa, Mama Tangawizi atakoma kufuta kioo chake akinitazama, na mwenye duka la dawa atanitafuta mwenyewe.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mkemia. Ofisi bado inanuka, nadhani wanatia chumvi. Alinionyesha kichupa nilichompelekea na kingine kipya cha aina hiyo hiyo, alichokitia mafuta hayo hayo dakika hiyo. Mafuta yangu yanakula plastiki. Kidomo cha kudondoshea kilikuwa kimelainika na tundu lake limepanuka. Akadondosha tone kutoka kipya, akadondosha tone kutoka changu, kwenye kioo kimoja. La kwangu lilikuwa kama baba mtu. Akasema mtu anayefikiri anakunywa matone matano, mwisho wa wiki anakunywa zaidi ya mara mbili ya hapo, pamoja na plastiki iliyoyeyuka, na plastiki hiyo yeye bado hajaijua ni ipi.

Akauliza kuna mtu ameyanywa? Nikasema hakuna. Akaendelea kunitazama. Nikasema mtu mmoja. Miwani ikashuka. Akauliza ana umri gani, ana dawa zozote? Nikajibu kwa sauti ndogo. Akasema niende hospitali leo hii nimweleze daktari ni kitu gani amekunywa, nisingoje chochote.

Nilikuwa nakwenda. Nilifika mpaka getini. Halafu nikaona afadhali nisubiri majibu yatoke kwanza, nisije nikawatia watu hofu bure. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Jumatano, 12 Machi

Majibu.

Daktari wa macho ni kijana, ana sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema macho yako tayari, presha imepanda kiasi, sukari haina neno. Lakini ini lina kasoro. Kuna vitu kwenye damu vimepanda visivyopaswa kupanda. Akamwuliza Mama ametumia kitu gani siku hizi, dawa ya kienyeji, kirutubisho, chochote.

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Akasema ni yeye mwenyewe, alinunua kitu cha machungwa kwa mpita njia, hata sura yake hakuiona, si unajua macho yangu haya.

Alisema hivyo! Akinikinga mimi!

Nilikuwa naanza kusema. Naapa mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mke wangu akaniwahi, akanyoosha kidole bila kuniangalia, akasema mpita njia ni huyu hapa. Daktari akanigeukia. Akauliza ndani ya mafuta mna nini. Nikasema machungwa na mkaratusi. Akauliza na nini kingine. Nikafikiria tone lile kwenye kioo, nikasema na plastiki kidogo. Akaandika. Akauliza yamepimwa?

Nikasema yamefika maabara.

Hakucheka mtu. Daktari akafunga kalamu yake. Akasema Ijumaa haiwezekani. Ini lipumzike, damu irudiwe, halafu watamtafutia zamu nyingine, na zamu ya sasa atapewa mgonjwa anayefuata. Mama akauliza nyingine itakuwa lini. Daktari hakujua. Mama akasema haya, akaomba aonyeshwe mlango uko upande gani.

Nyumbani nilikaa jikoni. Nikamsikia ananiita: baba, njoo unitungie uzi. Nikaenda. Uzi ukakataa mara tatu. Akaniuliza mbona wewe unaona lakini unachelewa. Hakusema kwa ubaya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeiandika hapa kwa mkono wangu. Kile kichupa cha kwenye koti nimekimwaga.

Alhamisi, 13 Machi

Nafasi yangu kwenye rafu ya duka la dawa imejazwa tangawizi ya chupa. Usawa wa macho. Nimepita mara mbili kuhakikisha.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Upasuaji ungefanyika kesho, ini likiwa vile, bila mtu kujua. Nani aliyeomba ini lipimwe? Muuguzi alikataa. Mke wangu alikuwa chooni na mama yake. Ni mimi. Ukiangalia vizuri, mimi ndiye niliyegundua tatizo.

Nilimweleza mke wangu hoja hii wakati wa chai. Hakuipokea vizuri. Amehamishia mto wake chumbani kwa mama yake.

Jumanne, 8 Aprili

Siku nyingi sijaandika, sikuwa na la kuandika. Nimetunga uzi kila asubuhi. Nimemsindikiza Mama kupimwa damu hospitali. Leo wametuambia ini limerudi mahali pake. Nilitaka kumkumbatia muuguzi, akarudi nyuma. Zamu mpya imepatikana mwisho wa mwezi huu, kuna mgonjwa ameahirisha. Mama aliposikia aliangua kilio pale pale kwenye benchi. Mke wangu naye. Mimi nilikwenda kutazama bango la kunawa mikono, nikalisoma lote.

Ripoti ya Mkemia nayo imetoka. Haifai kunywewa kwa dozi yoyote mpaka ijulikane zaidi. Isiwekwe kwenye plastiki. Mwishoni, kwa wema, ameongeza kwamba kwa kuondoa gundi na madoa ya vioo inafanya kazi vizuri.

Nimeshindwa kujizuia kumwonyesha fundi simu, naye hakushindwa kumwambia Mama Tangawizi. Jioni mama huyo amekuja na chupa yake ya kioo, akaomba kidogo. Anataka kufutia fremu ya cheti. Nikasema kabati lina ufunguo. Akasema ameshaongea na mke wangu, ufunguo anao.

Kioo kimetakata sana, lazima nikiri.

Jumatano, 30 Aprili

Jana Mama alipasuliwa jicho la kulia. Leo wameifungua bandeji.

Alimtazama binti yake kwanza, muda mrefu, akampapasa nyusi. Kisha akanitazama mimi. Akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi. Tukacheka wote, mke wangu pia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya vikombe.

Nyumbani hakutaka kulala kama alivyoagizwa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akachukua sindano, akalowesha uzi mdomoni, akatunga. Mara moja! Aliishika ile sindano juu kwenye mwanga, uzi unaning'inia, akaitazama tu. Nilijikuta na machozi. Nilikuwa nimesimama karibu kwa mazoea, mkono umeshanyooshwa kumsaidia.

Halafu akaanza kusoma kila kitu. Gazeti la kufungia vitambaa. Boksi la majani ya chai. Na kile kichupa kitupu cha koti langu, ambacho sijui kwa nini sikukitupa, nilikuwa nimekiacha juu ya rafu. Akakisoma kwa sauti. Matone ya Uzima. Tone ulimini, afya mwilini. Imefika maabara. Akakigeuza nyuma, akatazama chini ya kitako, akakirudisha mbele. Akaniuliza, baba, lile neno jingine ulilonisomea liko wapi?

Mke wangu akauliza neno gani.

Mama akanitazama kwa hilo jicho jipya. Akasema hakuna, macho bado mageni haya. Akanipa kichupa mkononi, akaendelea na mshono wake. Afadhali angenigombeza. Nimekitia kwenye pipa la taka nje, nikasimama pale kidogo.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata usingizi mzuri na akili imekaa sawa. Mke wangu amerudisha mto wake, na ufunguo wa kabati uko mlangoni. Hiyo ni ishara.

Nimeisoma upya ripoti ya Mkemia, safari hii kwa makini, mstari kwa mstari. Amesema isinywewe. Hajasema popote isipakwe! Kosa langu lote lilikuwa mdomo. Ngozi haina ini. Nimezungumza na muuza juisi, maganda yapo. Mama Tangawizi anatupa chupa za kioo zenye kasoro, nimemwomba, amenipa huku anatabasamu. Atabasamu tu.

Jina jipya: Mkono wa Uzima, mafuta ya viungo. Lebo nimeziweka leo asubuhi. Chini ya jina nimeandika: IMERUDI KUTOKA MAABARA. Kwani haijarudi? Herufi nimezifanya ndogo sana, maana siku hizi nyumbani kuna mtu anasoma.

Goti la kushoto la Mama linamsumbua akipanda ngazi, na la kulia pia. Kesho baada ya chai nitamwomba aniachie la kushoto tu. La kulia litabaki la kulinganishia.